Asiyefunika Kombe: Maisha ya Bertha Pappenheim

(Hotuba hii ilitolewa kwenye mkutano wa kina mama wazungumzao Kiswahili wa Frankfurt na vitongoji vyake. Imeandikwa upya kwa ajili ya wale ambao hawakuwapo.)

Ndugu mwenyekiti, mama zetu, dada zangu, na akina kaka mliojikaza kuja mkakaa karibu na mlango: shikamoni wakubwa, na wengine hamjambo.

Niliombwa nizungumze habari za mwanamke mfadhili. Nadhani mwenyekiti alitegemea nitaleta mtu wa kwetu. Nimeleta jirani. Ukipanda treni ya S3 hapa mjini, hata hujamaliza kujibu ujumbe kwenye simu umeshafika Neu-Isenburg, na huko ndiko alikojenga nyumba yake ya kazi. Kaburi lake liko hapa hapa Frankfurt, makaburi ya Wayahudi ya Rat-Beil-Straße, ubavuni mwa mama yake. Anaitwa Bertha Pappenheim. Wengi wetu tumekaa mji huu miaka na miaka bila kulisikia jina hilo, na wachache waliolisikia wamelisikia kwa jambo ambalo mwenyewe hakutaka hata kuliongelea. Nitalifikia, ila sitakaa nalo sana.

Alizaliwa Vienna, Austria, tarehe 27 Februari 1859. Baba yake, Siegmund, alikuwa tajiri wa biashara ya nafaka na mshika dini hasa. Mama yake, Recha, alitoka ukoo wa Goldschmidt wa hapa Frankfurt, watu wenye nazo. Wazazi hao walizika mabinti wawili: mmoja alifariki mchanga kabla Bertha hajazaliwa, na Henriette akachukuliwa na kifua kikuu Bertha akiwa na miaka minane. Wakabaki Bertha na mdogo wake wa kiume, Wilhelm.

Wilhelm akasomeshwa mpaka chuo kikuu. Bertha alisoma shule ya wasichana ya Kikatoliki, akaachishwa akiwa na miaka 16, na hakuna aliyeona ajabu. Binti wa tajiri alihitaji shule ya nini tena? Alijua Kiingereza, Kifaransa na Kiitaliano. Alijua kupanda farasi, kucheza piano, kudarizi, na kusimamia jiko linalofuata sharia za dini, vyombo vya nyama mbali na vyombo vya maziwa. Baada ya hapo, kazi yake ilikuwa moja: kukaa ndani angoje mchumba. Mwaka 1898, yeye akiwa karibu miaka 40, alichapisha makala juu ya malezi ya wasichana wa matajiri, na ukiyasoma unaona kidonda bado kibichi.

Mchumba hakuja, na hakuolewa maisha yake yote. Kilichokuja ni maradhi. Mwaka 1880 baba yake aliugua mapafu, na Bertha ndiye aliyekesha naye usiku. Akaugua na yeye: mkono ukafa ganzi, macho yakamsumbua, na kuna kipindi Kijerumani, lugha aliyozaliwa nayo, kilimtoka kabisa akawa anasema Kiingereza tu. Daktari Josef Breuer alimtembelea karibu kila siku, akaona kwamba akimwacha aeleze yaliyomo moyoni, anapata nafuu. Baba alifariki Aprili 1881. Mwaka 1895 Breuer na mwenzake kijana, Sigmund Freud, aliyekuja kujulikana dunia nzima kwa tiba ya nafsi, walimwandika kitabuni kwa jina la bandia, Anna O. Tiba ya kuzungumza na mgonjwa inayofanywa leo dunia nzima inahesabu chimbuko lake kwa binti huyo. Mwaka 1953 mwandishi wa wasifu wa Freud akalitoboa jina lake halisi. Kuanzia siku hiyo, ukimtaja Bertha Pappenheim mbele ya msomi, anakwambia: ah, yule mgonjwa.

Mgonjwa! Mtu aliyeongoza chama chenye wanawake wapatao 50,000. Na hata huo uponaji wa kitabuni una walakini, kwa sababu Breuer alipomaliza kazi yake mwaka 1882, Bertha alilazwa tena na tena kwa miaka mitano iliyofuata. Alipopona kweli, hakuligusa jambo hilo hadharani. Alipoulizwa baadaye kuhusu aina hiyo ya tiba, alisema inategemea iko mikononi mwa nani. Ni upanga unaokata kuwili. Mabinti aliowalea hakuruhusu watibiwe hivyo. Basi na sisi tumwache Anna O. hapo alipo.

Novemba 1888 yeye na mama yake walihamia Frankfurt. Alikuwa na miaka 29. Ndugu wa upande wa mama walimwingiza kwenye kazi za hisani, akaanzia pale wanapoanzia mabibi wote wa tabaka lake, jiko la kugawia maskini supu. Foleni ilikuwa ya Wayahudi waliotoka Mashariki, Urusi na Poland, wakikimbia ufukara na mauaji. Mwaka 1895 msimamizi wa nyumba ya wasichana yatima aliugua. Bertha akashika nafasi yake kwa muda. Huo muda ukawa miaka 12.

Tuangalie alichokibadilisha pale. Nyumba ilikuwa ikiwalea yatima ili siku moja waolewe, na fedha za wafadhili ziende kwenye mahari, maana kwao mahari ilitoka upande wa binti. Yeye akataka kila binti atoke na ujuzi wa kumlisha, mume awepo asiwepo. Wenye fedha hawakufurahi. Maana mahari inaonekana: kuna harusi, kuna picha, mfadhili anakaa meza ya mbele. Ujuzi wa binti yatima nani atampigia makofi?

Alikuwa mkali juu ya fedha na juu ya hisani yenyewe. Yeye mwenyewe hakulipwa mshahara, aliishi kwa urithi wa wazazi wake na akautumia kwenye kazi. Lakini hakuamini kwamba moyo mwema unatosha. Alitaka watu waliofunzwa, mafaili yanayosomeka, watoaji waratibiwe ili mjanja mmoja asipokee mara nne wakati mjane wa mtaa wa pili hajapata hata mara moja. Mimi niliyewahi kukaa kwenye kamati za michango nikamwona mweka hazina akitoa daftari la matumizi kwenye mfuko wa koti, nilimpenda mwanamke huyu palepale. Mwanzoni mwa karne ya 20 alianzisha hapa Frankfurt chama cha Weibliche Fürsorge, yaani huduma ya jamii inayoendeshwa na wanawake kwa utaratibu wa kisasa. Na mwaka 1917, baada ya yeye kupiga kelele kwamba vyama vya hisani vya Wayahudi vimetapakaa bila mpango, likaundwa shirika moja la kuviunganisha vyote. Shirika hilo, ZWST, lipo hadi leo na makao yake ni hapa hapa Frankfurt.

Sasa niingie kwenye jambo lililonifanya nimchague.

Mwishoni mwa karne ya 19 kulikuwa na biashara ya wasichana. Walichukuliwa vijijini Galicia (eneo ambalo leo limegawanyika kati ya Poland na Ukraine), Romania na Urusi, wakapelekwa madanguroni Buenos Aires, Istanbul na Alexandria. Mataifa yote yalikuwa na mabinti waliouzwa, lakini kwenye njia za kutoka Ulaya Mashariki wengi wa waliouzwa walikuwa Wayahudi, na wengi wa waliowauza, Wayahudi pia. Wakubwa wa jumuiya walijua. Marabi walijua. Wakanyamaza, na kunyamaza kwao kulikuwa na sababu usiyoweza kuibeza: magazeti ya wanaowachukia Wayahudi yalikuwa yakingoja neno kama hilo. Ukisema, umempa adui fimbo. Busara ya wazee ikawa ile ile tunayoijua sisi: funika kombe mwanaharamu apite.

Bertha akalifunua. Alisimama kwenye mikutano ya kimataifa akasema wazi kwamba wapo Wayahudi wauzaji na wapo Wayahudi wauzwaji, na kwamba anayejua akanyamaza ni mshiriki. Mwaka 1903 alifunga safari kwenda Galicia pamoja na Sara Rabinowitsch, wakaenda mji kwa mji. Waliona jinsi mtego unavyotegwa. Kijana aliyevaa vizuri anaingia kijijini, anasema ana kazi ng'ambo, anaposa. Ndoa inafungwa ya dini tupu, bila kuandikishwa serikalini. Baba wa binti hana mahari ya kutoa, na huyu bwana hadai mahari. Nani atauliza maswali? Wanaondoka kwa treni. Bandarini binti anakabidhiwa kwa mtu mwingine, na kwa kuwa serikali haina kumbukumbu ya ndoa, hana pa kushitaki. Wakala, ahadi ya kazi, tiketi iliyolipwa, hati iliyoshikwa na mtu mwingine. Naona mnatazamana. Ndiyo, wapo mabinti wetu waliokwenda Ghuba ambao wangeisikiliza habari hii wasione kipya ndani yake.

Aligusa na pabaya zaidi, sharia ya dini. Kwa sharia ya Kiyahudi mume ndiye anayetoa talaka. Mume akipotelea Marekani, au akifa vitani bila shahidi, mke anabaki amefungwa, haolewi tena. Wanawake wa namna hiyo walikuwa maelfu, na njaa iliwasukuma wengine kwenye mikono ya hao hao mawakala. Bertha aliwataka marabi watafute njia. Mwaka 1907, mbele ya wajumbe wa chama chake, alisema kwamba mbele ya sharia ya Kiyahudi mwanamke si mtu mwenye nafsi yake, anapimwa kwa jinsia yake tu. Na aliyesema hayo alishika Sabato, aliifuata sharia ya chakula, na alitunga sala zilizochapwa kitabu baada ya kifo chake. Ndiyo maana ilikuwa vigumu kumpuuza. Hawakuweza kumwambia ameiacha dini.

Mwaka 1904, wakati Baraza la Kimataifa la Wanawake lilipokutana Berlin, yeye na Sidonie Werner wa Hamburg pamoja na wengine walianzisha Jüdischer Frauenbund, Umoja wa Wanawake wa Kiyahudi. Aliuongoza miaka 20. Umoja huo ulitaka mambo matatu makubwa: wasichana wafundishwe kazi, biashara ya wasichana ikomeshwe, na wanawake wapige kura ndani ya jumuiya za Kiyahudi, mahali walipokuwa wakilipa michango na kupika kwenye sherehe lakini wakati wa uchaguzi wanaambiwa wakae. Walikuwa na kazi moja ninayoipenda kwa udogo wake: wanachama walisimama kwenye majukwaa ya stesheni za reli, wamevaa beji, wakimtafuta kwa macho kila binti aliyeshuka peke yake na furushi. Wanamsalimu kabla wakala hajamsalimu. Kinga yenyewe ndiyo hiyo, kumwahi.

Fikra za kupigania haki hakuziokota njiani. Mwaka 1899 alichapisha kwa Kijerumani kitabu cha Mary Wollstonecraft cha mwaka 1792 juu ya haki za wanawake, alichokitafsiri mwenyewe. Mwaka 1910 akatoa kumbukumbu za Glückel wa Hameln, mjane wa karne ya 17 aliyelea watoto wengi huku akifanya biashara ya vito, ambaye Bertha alikuwa wa ukoo wake. Alimpenda bibi huyo hata akavaa mavazi ya zamani akachorwa picha kana kwamba yeye ndiye Glückel. Mkali alikuwa, lakini mzaha aliujua.

Twende Neu-Isenburg. Nyumba ilifunguliwa tarehe 25 Novemba 1907, jengo likiwa limetolewa na ndugu yake wa upande wa mama, Louise Goldschmidt. Kwa nini Neu-Isenburg na si Frankfurt? Kwa sababu Frankfurt ilikuwa chini ya Prussia, na Neu-Isenburg, hatua chache tu kusini, ilikuwa chini ya Hesse, dola nyingine ndani ya Ujerumani ile ile, ambako wasio na uraia hawakubanwa vile. Mabinti wengi aliowapokea hawakuwa na karatasi. Yaani alikaa akasoma sheria za mipaka kwanza, halafu ndipo akatafuta nyumba. Huo ndio ufadhili ninaouzungumzia.

Waliopokelewa ni mabinti waliopata mimba bila ndoa, watoto wao, wasichana waliotoka magerezani au madanguroni, na waliokuwa karibu kuingia. Walianza wachache, mwaka 1928 walikuwa zaidi ya 150, na nyumba zikawa nne. Maisha yalikuwa ya kawaida kwa makusudi. Hakutaka anasa, maana binti akizoea starehe ya kituo atawezaje chumba cha kupanga? Mama alikaa na mwanawe, jambo lililoshangaza wengi wakati huo. Walifundishwa kupika, kufua, kushona, kulea. Watoto wakubwa walikwenda shule ya mtaani pamoja na watoto wa majirani Wakristo. Usiku wa Ijumaa ilikuwa mishumaa na meza iliyotandikwa vizuri. Naye Bertha, mikono yake haikujua kutulia: alitunga shanga akazifanya mikufu ya kugawia marafiki, na kwa miaka mingi alikusanya lesi za zamani. Zile lesi alizitoa mwaka 1935 kwa jumba la makumbusho la Vienna, kwa kumbukumbu ya wazazi wake.

Msidhani naleta malaika. Alikuwa mgumu. Wafanyakazi wake wengine walimwogopa, na mabinti walimwona kama mwalimu mkuu asiyecheka. Alipinga siasa ya Wazayuni ya kuhamia Palestina. Aliona inavunja familia na inawanyima watu kazi ya kuijenga jumuiya pale walipo. Hitler aliposhika madaraka mwaka 1933, bado aliwashauri watu wasikimbilie kuhama, na aliupinga mpango wa kuwasafirisha vijana kwenda Palestina bila wazazi wao. Tukijua yaliyofuata, ushauri huo ulikuwa wa hatari, na sioni haja ya kumtetea. Ingawa mwaka 1934 yeye mwenyewe aliwasindikiza baadhi ya watoto wa nyumba yake mpaka Glasgow, Scotland, akawakabidhi huko. Baada ya sheria za Nuremberg za Septemba 1935, zilizowavua Wayahudi haki za uraia, msimamo wake ulibadilika. Wakati huo alikuwa na uvimbe mwilini na amekwisha fanyiwa upasuaji.

Mwaka huo wa 1934 alifanya jambo ambalo sijaona mtu mwingine akilifanya: alijiandikia tanzia, moja kwa kila gazeti la Kiyahudi, kila moja kwa sauti ya gazeti husika. Gazeti la washika dini linamsifu kwa shingo upande, la Wazayuni linamwita adui wa zamani. Kwenye ile ya jarida la Umoja wake anaandika kwamba Wayahudi wa dunia nzima, wanaume na wanawake, wangepaswa kumshukuru kwa kuuanzisha, lakini hawafanyi hivyo. Na tanzia inamalizika kwa neno moja: pole.

Majira ya kuchipua ya 1936, binti mmoja wa nyumbani pale mwenye ulemavu wa akili alitamka jambo juu ya Hitler, na mtu akapeleka habari polisi. Gestapo, polisi wa siri wa Hitler, wa mji wa Offenbach wakamwita Bertha. Alikuwa mgonjwa wa kufa, ana miaka 77. Aprili alikwenda, akajibu maswali kwa utulivu, akamtetea binti yule, akarudi kitandani. Alifariki tarehe 28 Mei 1936. Katika wosia wake alimwomba kila atakayefika kaburini aweke kijiwe, kiwe ahadi ya kuendelea kuwatumikia wanawake.

Tarehe 10 Novemba 1938 nyumba kubwa ya Neu-Isenburg ilichomwa moto. Umoja wa Wanawake wa Kiyahudi ulivunjwa mwaka huo huo. Waliobaki waliendelea kuishi kwenye majengo mengine mpaka tarehe 31 Machi 1942, Gestapo walipokifunga kituo, na waliokuwamo wakapelekwa kambini Theresienstadt. Rafiki yake wa karibu katika Umoja, Hannah Karminski, ambaye angeweza kutoroka lakini akabaki kuwahudumia wenzake Berlin, alipelekwa kambi ya mauaji ya Auschwitz Desemba 1942 na hakurudi.

Posta ya Ujerumani ilitoa stempu yenye sura yake mwaka 1954. Umoja wenyewe ulifufuliwa katika miaka hiyo ya 1950 na wanawake wachache waliosalimika. Mojawapo ya zile nyumba za Neu-Isenburg, mtaa wa Zeppelinstraße, sasa ni mahali pa kumbukumbu na semina. Katibu anayo karatasi ya kuandikia majina ya watakaopenda twende kwa pamoja. Ulizeni kwanza saa za kufungua. Mwenyekiti ameshanionyesha saa mara mbili, kwa hiyo nakaa. Maswali karibuni, hata yale ya Freud.